Kisu cha Kwanza cha Mhunzi wa Mamba

Hebu kitazame kisu unachomenyea ndizi au kukatia vitunguu jikoni mwako. Huenda ulikinunua dukani kikiwa kimefungwa vizuri, au sokoni kwa mchuuzi aliyevipanga juu ya gunia. Sisi akina mama hushika kisu kila siku, asubuhi na jioni, lakini ni wachache kati yetu tunaomjua aliyekitengeneza. Na ni wachache zaidi waliowahi kumwuliza fundi wa visu swali hili: kisu chako cha kwanza kabisa kilikuwaje, na kiko wapi leo?

Mimi nilipata nafasi ya kuuliza swali hilo huko Mamba, upande wa Vunjo, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Nataka kuwasimulieni njia niliyopita, kazi niliyoiona, na jibu nililopewa.

Njia ya kwenda Mamba

Ukitoka Moshi mjini unashika barabara ya lami ya kwenda Dar es Salaam mpaka Himo. Hapo joto ni kali, na wachuuzi hukimbilia madirisha ya mabasi. Barabara moja inaendelea kwenda Holili, mpakani na Kenya. Nyingine inakata kuelekea Same. Ya tatu inapanda mlimani kwenda Marangu, na hiyo ndiyo yetu.

Haichukui muda mrefu kabla hewa haijabadilika. Mashamba ya mahindi ya tambarare yanakwisha, migomba inaanza. Chini ya migomba kuna kahawa, na chini ya kahawa kuna magimbi na maharage. Pembeni mwa vihamba unasikia maji ya mifongo, ile mifereji ya Wachaga inayoteremsha maji kutoka mlimani. Ukifika Marangu Mtoni utakuta akina mama na mikungu yao ya ndizi, na vijana wakiwaita wageni kwenda kuona maporomoko ya Kinukamori. Watalii wengi hupanda moja kwa moja kwenda kwenye lango la mlima. Sisi tuligeuka kulia, tukafuata barabara ya Mamba na Mwika inayokwenda mpaka Rombo.

Wengi huijua Mamba kwa sababu ya historia ya misheni. Wamisionari wa Leipzig kutoka Ujerumani walifungua kituo chao hapo mwaka 1894, mwaka mmoja tu baada ya kile cha Machame. Lakini ufundi wa chuma katika nchi ya Uchaga ni wa zamani kuliko hapo. Kabla ya bidhaa za Ulaya kufika, Wachaga walipata chuma kutoka kwa majirani zao wa Ugweno, Upare ya Kaskazini, ambako ukoo wa Washana ulisifika kwa kuyeyusha na kufua chuma. Wahunzi wa Uchaga walifua mikuki, majembe, shoka na visu, na mikuki yao ilinunuliwa hata na Wamasai.

Watu waliwahitaji wahunzi, na wakati huohuo waliwaogopa. Jambo hilo halikuwa la Wachaga peke yao. Wamasai wana wahunzi wao waitwao Ilkunono, na zamani Wamasai wengine hawakukubali kuoana nao. Mtu anayeweza kulainisha chuma kwa moto alidhaniwa kuwa na uwezo mwingine pia. Kumbukeni jambo hili, kwa maana litarudi katika habari ya mama mmoja.

Ndani ya kiwanda

Niliongozana na jirani yangu wa Moshi ambaye ameolewa Mamba. Mzee tuliyemwendea ni baba mkwe wake, mhunzi ambaye sasa ana umri wa zaidi ya miaka 70. Aliomba nisiandike jina lake, nami nimemheshimu. Jirani yangu alikuwa na shughuli yake mwenyewe. Mwanawe wa kwanza alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, na kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa kwa babu yake akivuta viriba. Mama huyu alikuwa amekuja kumchukua arudi mjini. Njiani hakuzungumza mengi.

"Shikamoo, Baba," tulisema tulipofika.

"Marahaba, wanangu. Karibuni, lakini kaeni huko mbali na cheche."

Kiwanda chenyewe ni banda la mabati, na upande wa jua wamelitundikia magunia ili ndani pawe na giza kidogo. Katikati kuna shimo la makaa. Nyuma yake kuna viriba viwili vya ngozi ya mbuzi. Kijana huketi kati ya viriba hivyo, mkono mmoja kwa kila kimoja, akikandamiza hiki huku akiinua kile, na upepo hupita katika mdomo wa udongo na kuingia makaani bila kukatika. Ukisikia kwa mbali utadhani ni mgonjwa wa pumu anayehema. Fuawe yao ni kipande cha reli ya treni kilichokazwa katika gogo.

Chuma cha kazi ni springi za malori yaliyokufa. Mzee alitueleza kwamba si kila chuma hufaa kuwa kisu. Nondo ya kujengea nyumba ni laini. Ukiifua ikawa kisu itakata siku mbili, kisha makali yatakwisha na ubapa utapinda kama kijiko. Springi ya lori ina kaboni ya kutosha, kiasi cha sehemu sita katika elfu moja, na hiyo ndiyo inayoifanya ishike makali.

Kazi ina hatua zake kama upishi. Kwanza fundi hukata kipande, hukitia motoni mpaka kiwe chekundu kuelekea rangi ya chungwa, kisha hukifua. Hutengeneza ncha, ubapa na mkia wa kuingia kwenye mpini. Kikipoa hukipiga tupa. Halafu inafuata hatua ambayo kila mhunzi huiogopa, nayo ni kutia matiko. Kisu hurudishwa motoni mpaka kifikie wekundu fulani, usiopungua wala kuzidi, kisha huzamishwa kwa ghafla ili kiwe kigumu. Chuma kikifikia joto hilo hakishikwi tena na sumaku. Mjukuu hupimia kwa sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Mzee hutumia macho yake tu, na hiyo ndiyo sababu ya yale magunia.

Kisu kikitoka hapo huwa kigumu kama kioo, na kama kioo huvunjika. Kwa hiyo hurudishwa kwenye joto dogo, kama lile la kuokea mkate, mpaka ubapa uliosuguliwa ugeuke rangi ya majani makavu. Hapo ukali wa ugumu hupungua, na kisu huweza kustahimili kazi bila kumeguka.

Nilipoyaelewa hayo ndipo nikamwuliza habari za kisu chake cha kwanza. Mzee alinyamaza, akaweka nyundo chini. Kisha akanyoosha mkono juu ya boriti, akashusha kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha khanga iliyochakaa.

Mtoto wa katikati

"Mimi nilizaliwa wa tatu kati ya wavulana watano," alianza. "Mama Nesi, wewe unaijua desturi yetu?"

Naijua. Kwa desturi ya Wachaga mtoto wa kwanza wa kiume hupewa sehemu yake ya kihamba, na kitinda mimba hubaki na nyumba ya mama. Wa katikati hutafutiwa mahali pengine. Zamani mahali pengine palikuwapo. Lakini watu walipoongezeka na ardhi ya mlimani ikabana, watoto wa katikati walibaki wakitazamana.

Mama yake aliona mapema kwamba mtoto huyu hatapata shamba. Mwanamke huyo mwenyewe alikuwa binti wa wahunzi. Alilelewa kwenye sauti ya nyundo, na alipokuwa msichana aliwahi kukataliwa na familia moja kwa sababu hawakutaka binti wa wahunzi aingie nyumbani mwao. Hata hivyo, mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, alimchukua mwanawe huyo wa miaka 14 akampeleka kwa kaka yake. Alitoa mbuzi jike mmoja, aliyemnunua kwa fedha za kuuza ndizi, akasema: "Mfundishe huyu. Hana kihamba, basi awe na mikono."

Miezi minane kijana hakushika nyundo. Alivuta viriba, akasafisha majivu, akachota maji. Mjomba alipoanza kumpa nyundo, alimpa kufua kulabu na misumari. Lakini yeye alikuwa na jambo lake moyoni. Mama yake alikuwa akija kila baada ya wiki mbili kumletea chakula, naye alitaka siku moja ampe kisu alichokifua mwenyewe.

Siku ile mjomba alikwenda sokoni. Kijana aliokota kipande cha springi kilichobaki kwenye kazi ya panga, akatia makaa. Alijua mama yake atafika jioni, kwa hiyo alifanya kila kitu kwa haraka. Kabla kazi haijafika nusu alishika chuma kwa kiganja kitupu.

"Chuma chekundu kila mtu hukiogopa," mzee alituambia, akatuonyesha kovu. "Cheusi ndicho kinachounguza. Kimeshaacha wekundu, unadhani kimepoa."

Hakuacha kazi. Alimalizia kufua kwa mkono mmoja ukiwa umefungwa jani la mgomba. Akapiga tupa, akakirudisha motoni, akatazama rangi. Mjomba alikuwa akitia matiko katika maji yaliyokaa banda zima mchana kutwa, yenye uvuguvugu. Kijana alikimbia na koleo lake mpaka kwenye mfongo, akakizamisha kisu katika maji yaliyotoka mlimani, baridi kama barafu.

"Nikasikia tii! Sauti ndogo, kama ya yai likigusa ukingo wa bakuli."

Alipokitoa na kukifuta aliona ufa mwembamba kama unywele, ukianzia kwenye makali na kupanda mpaka katikati ya ubapa. Mjomba aliporudi alikigonga kidogo kwenye fuawe. Kisu kizima hulia kama kengele. Hiki kilitoa sauti butu. "Kimekufa," mjomba akasema. "Kirudishe motoni, tutatengeneza misumari."

Wakati huohuo mama akatokea na kikapu chake kichwani.

Kwanza aliutazama mkono. Alimkokota mpaka kwenye mfongo akauzamisha mkono wake katika maji yanayopita, na akamshikilia hapo mpaka alipoacha kulia. Kama muuguzi nasema alifanya sawasawa. Mtu akiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 20 hivi, yanafaa kuliko samli, dawa ya meno au yai.

Kisha akaomba aone kisu. Alikipapasa kwa kidole gumba, akakigonga kwa ukucha akakisikiliza, kama alivyokuwa akimwona baba yake akifanya. Aliusikia ufa. Hakuna mtu pale aliyeweza kumdanganya habari za chuma. Akasema maneno mawili tu: "Kitamenya ndizi." Akakifunga katika upindo wa khanga yake, akaondoka nacho.

Miaka 31 jikoni

Ninyi wenzangu mngetegemea mzee atasema alifurahi. La hasha. Alituambia kwamba kwa miaka mingi alikichukia kisu kile.

"Unajua aibu, Mama Nesi? Nilijitegemea, nikajenga kiwanda changu. Watu walikuja kwangu kutoka Mwika na Rombo. Wamasai waliagiza mikuki kwangu. Halafu mtu anaingia jikoni kwa mama yangu mzazi, anamkuta mama wa mhunzi anamenyea kisu chenye ufa, kilichopinda mgongo! Kila nilipokwenda kumsalimu macho yangu yalikuwa yanakitafuta kile kisu kabla sijamtafuta yeye."

Alimletea visu vingine, vizuri, vyenye mipini ya mti mgumu. Mama alivishukuru, akavigawa kwa wakwe zake, au akaviweka kwa ajili ya wageni. Mwenyewe aliendelea na kile cha kwanza. Kila mkwe alipojifungua, alikaa kwenye kigoda akamenya ndizi za mtori kwa kisu hichohicho. Sisi tuliozalia upande huu twajua mtori maana yake nini kwa mama aliyetoka kujifungua.

Mwaka 1985 mzee alichoka. Palikuwa na mtoto mchanga nyumbani kwa ndugu yake, na wageni walikuwa wengi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisaidia jikoni alikiinua kile kisu akauliza kwa kicheko: "Hiki nacho kimetoka kwa yule fundi wetu?" Usiku huo mzee alikichukua kimya kimya, akaacha kipya mahali pake. Alipofika kiwandani alikitupa kwenye rundo la vyuma vya kuyeyusha.

Kesho yake asubuhi mama yake aliingia kiwandani kwa miguu, peke yake. Vijana wa kazi walisimama kumwamkia.

"Nimefuata kisu changu," akasema.

"Mama, nimekuachia kizuri."

"Kile kizuri kimetengenezwa na fundi, na mafundi ni wengi. Kisu changu kilitengenezwa na mwanangu."

Akainama, akaanza kupekua vyuma kwa mikono yake mitupu mbele ya wote. Mzee aliinama karibu naye akakitafuta, kwa sababu hakuweza kustahimili kuona mikono ya mama yake katika kutu ile. Alimpa. Mama akanawa mikono kwenye mfongo, akaenda zake kuwahi kupika.

Alifariki mwaka 1998. Siku ya kugawana vyombo, mabinti na wakwe walichukua vyungu, masufuria na khanga. Mhunzi aliomba kisu.

Alitufungulia kitambaa. Nilikishika mwenyewe. Kimekuwa chembamba kama kidole, maana kimenolewa kwa jiwe kwa miaka 31. Nikakitafuta ule ufa nisiuone. Mzee akaniambia nikigeuze kwenye mwanga. Uko bado, lakini umebaki mfupi kama nusu punje ya mchele. Ufa ulianzia kwenye makali, na kila mama alipokinoa aliondoa makali kidogo, na pamoja na makali aliondoa ufa. Hakukipa kazi ya mifupa wala ya kuni. Hakukitia kwenye kitu kigumu hata siku moja. Alijua udhaifu wake uko wapi, akakipa kazi inayokifaa, akawa anaupunguza kidogo kidogo.

Nikamwuliza: "Sasa unakipenda, Baba?"

Alifikiri. "Sikipendi. Nikikitazama naona haraka yangu. Lakini tazama hapa: upande huu umelika kuliko huu. Mama alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Visu vizuri nilivyomletea havina alama hiyo, kwa sababu hakuvinoa. Hapa ndipo mkono wake ulipobaki. Nikikiona kinanichoma, na nisipokiona siku mbili natafuta kimekwenda wapi. Wewe hilo unaliitaje hospitali?"

Sikuwa na jina la kumpa. Aliendelea kusema kwamba kila kijana anayekuja kujifunza kwake huonyeshwa kisu hicho siku ya kwanza. Hawaambii ni cha nani. Huwaambia watafute kosa. Wakishaliona ndipo huwaambia aliyelifanya.

Kisu kilichokuwa kabatini

Wakati wote huo mjukuu alikuwa ameendelea kuvuta viriba, akitusikiliza. Mzee alipokwisha kukifunga kisu, kijana alimgeukia mama yake.

"Mama, kile changu kipo?"

"Kipo, mwanangu. Nimekitunza."

"Kinakata?"

Jirani yangu alisita. Kisu alicholetewa na mwanawe wakati wa Krismasi kilikuwa kwenye kabati la vyombo sebuleni, bado kimefungwa kwenye gazeti. Alikuwa ameniambia habari zake zamani. Aliona ni kizuri mno kukitumia jikoni, na nadhani pia hakutaka wageni waulize kwa nini mtoto aliyesoma mpaka kidato cha nne anafua visu.

Mzee hakumlaumu mkwewe. Alimweleza kwa upole kama anavyoeleza kazi: "Mama, kisu kisichokata hakimpi fundi majibu. Huyu anahitaji kujua kama ncha inaisha upesi, kama mpini unacheza, kama makali yanameguka ukikata mfupa wa kuku. Ukikificha, hajui afanye nini kingine. Yeye anangoja kule juu, nawe hujamjibu."

Baadaye, tulipokuwa tunanywa chai, mama na mwana walikaa pembeni wakazungumza. Nilisikia kidogo tu. Kwa mara ya kwanza alimwuliza anataka nini, kabla ya kumwambia atakwenda wapi. Kijana alijibu kwamba angependa kusomea uchomeleaji VETA mjini Moshi, lakini asikatazwe kurudi kwa babu siku za mapumziko, kwa sababu kutia matiko hakufundishwi mahali pengine kama kwa babu. Hawakukata shauri siku ile, kwa kuwa baba mtu naye alikuwa hajasikia. Lakini mama hakurudi na mtoto wala na begi lake. Tulirudi wawili, kama tulivyokwenda.

Utunzaji wa kisu cha mkono

Wenzangu wengine watauliza: ukinunua au ukipewa kisu kilichofuliwa na mhunzi, ukitunzeje? Haya ndiyo niliyofundishwa Mamba, pamoja na machache ya kazi yangu.

Chuma cha springi hushika kutu upesi. Kioshe mara baada ya kukitumia, kifute kikauke, na ukipake mafuta ya kupikia kidogo kama hutakitumia kesho. Usikilaze ndani ya maji na vyombo vingine. Weusi unaotokea ubapani baada ya kukata ndizi au vitunguu si uchafu wala sumu. Kutu nyekundu ndiyo ya kusugua.

Kinoe kidogo na mara kwa mara, badala ya kungoja kiwe butu kabisa. Kisu butu kinajeruhi zaidi, kwa sababu unakikandamiza kwa nguvu, kinateleza, na kidole ndicho kinacholipa. Ukijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi na inua mkono juu mpaka damu ikome. Kama jeraha ni la kina au kisu kilikuwa na udongo, nenda kituo cha afya uulizie chanjo ya pepopunda.

Usikitumie kufungulia makopo wala kuchokolea mifupa. Kila kisu kina kazi yake, na fundi atakuambia ukimwuliza.

Na kama kisu hicho kimetengenezwa na mtoto wako, kitumie. Vivyo hivyo kikapu cha kwanza kilichokaa upande, sweta la kwanza lenye mkono mmoja mrefu, na mkate wa kwanza ulioungua chini. Mtoto anatambua sifa za bure. Yule bibi wa Mamba hakusema kisu hakina ufa. Alisema kitamenya ndizi, na kikamenya.

Wiki tatu baadaye nilipita kwa jirani yangu kuazima ungo. Kisu kilikuwa juu ya ubao, chenye madoa meusi ya ndizi, na lile gazeti lilikuwa limekwisha kuwashia moto. Aliniambia kinakata vizuri sana, ila mpini umeanza kucheza. Nikamwuliza kama amemweleza mwenyewe. Alikuwa amempigia simu asubuhi ileile, na kijana akamjibu kwamba amekwisha kuchonga mpini mwingine, anangoja tu kisu kifike.